Twiga Sita wa Wajir

Jioni moja hapa Himbi, vijana wa parokia walituonyesha picha ya twiga sita waliokufa. Ilipigwa kutoka juu. Miili yao imelala karibu karibu juu ya ardhi kavu. Kijana mmoja akatuuliza: "Mwalimu, nani aliwapanga hivi?" Swali lake lilikuwa jema, nasi twapenda kulijibu hapa kwa faida ya wote, tukianzia mbali kidogo.

Sisi watu wa Goma hatujazoea ukame mkali, maana mvua yetu ni nyingi. Katika nchi ya Kenya sivyo. Mwaka 1948 Tsavo ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama, na tembo wakawa wengi mno. Miaka ya 1970 na 1971 mvua ikakosekana, wakafa tembo wapatao 6,000. Wengi wao walikuwa majike na watoto. Mtoto hawezi kwenda mbali na maji, naye mama hamwachi mtoto wake. Basi walikaa karibu na mto, wakamaliza majani yote, wakafa kwa njaa hali maji yapo.

Mmarekani mmoja, Peter Beard, alipanda ndege akapiga picha za mizoga ile. Zilitiwa katika chapa ya mwaka 1977 ya kitabu chake, The End of the Game. Azitazamaye aona ngozi na mifupa mavumbini. Lakini haoni ubishi uliokuwapo. Wengine walisema ingefaa tembo wapunguzwe kwa bunduki mapema. David Sheldrick, mkuu wa Tsavo Mashariki, alishikilia kwamba maumbile yaachwe yafanye kazi yake. Kila upande uliweza kuonyesha picha zile zile na kusema: "Mwaona?"

Sasa turudi kwa twiga wetu. Picha yao ilipigwa na Ed Ram mwezi wa Desemba 2021, katika hifadhi ya Sabuli, kaunti ya Wajir, karibu na kijiji cha Eyrib. Twiga walikuwa wamedhoofika kwa kukosa chakula na maji. Walikwenda kunywa katika bwawa lililokaribia kukauka, wakanasa matopeni, wakafa. Kisha miili iliondolewa pale, isije ikaharibu maji ya bwawa.

Ndilo jibu la kijana wetu. Twiga hawakufia mahali pale tunapowaona. Walipelekwa na watu, kwa sababu watu nao walikuwa na kiu, na maji yale machache yalikuwa yao pia. Picha haidanganyi, lakini bila maneno hayo tungewahurumia twiga na kuwasahau wanakijiji.

Ukame uliendelea. Kuanzia Februari hadi Oktoba 2022, serikali ya Kenya ilihesabu tembo 205, nyumbu 512 na punda milia wa kawaida 381 waliokufa.

Ndugu wasomaji, tunakumbuka mwezi wa tano 2021, watu wa mji wetu walipokimbilia Sake kwa hofu ya volkano. Picha zisizo na tarehe wala mahali zilipita katika simu, zikaongeza hofu. Basi picha ikitufikia, tuulize kama kijana yule: ni wapi, ni lini, na nani aligusa kitu kabla haijapigwa?