Herufi Kubwa

Mwaka 1997 nilikuwa mwanafunzi katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, na kama wenzangu wengi wa Afrika Mashariki waliokuwa ughaibuni siku zile, nilikuwa mwanachama wa kundi la barua pepe. Kwa msomaji kijana ambaye hakuwahi kuonja kitu hicho, nieleze kidogo. Palikuwa na anwani moja tu. Ukiandika barua ukaipeleka kwenye anwani hiyo, kompyuta iliyokuwa katika chuo fulani Marekani iliipokea na kuisambaza kwa kila mtu aliyeandikishwa. Sisi tulikuwa kama mia moja na hamsini hivi. Hapakuwa na picha wala sauti, ni maandishi matupu juu ya kioo. Humo tulibishana siasa, tulitangaziana misiba, tuliulizana bei ya tiketi za ndege na mahali pa kupata unga wa sembe. Nami nakiri kwamba niliamka asubuhi nikikimbilia chumba cha kompyuta kabla ya kunywa chai.

Karibu na mwezi wa Machi aliingia mzee mmoja kutoka Dar es Salaam. Sitamtaja jina, nitamwita Mzee tu. Alikuwa akiandikia ofisini kwa binti yake baada ya saa za kazi, na kila barua yake ilikuwa ya herufi kubwa tupu, mwanzo hadi mwisho, tena ndefu. Chini yake aliiacha barua nzima aliyokuwa akiijibu, pamoja na barua nyingine iliyojibiwa na hiyo, hata ukifika mwisho umesahau ulikotoka.

Sasa, sisi vijana tulikuwa na sheria zetu. Kila mwanachama mpya alipelekewa waraka wa adabu, na mimi niliusoma kwa bidii kama mtu aliyeingia dini mpya. Baadaye nilikuja kujua ulikotoka. Mwezi Oktoba 1995, Sally Hambridge wa kampuni ya Intel, kwa niaba ya kikundi cha kazi cha wahandisi wa intaneti, alitoa waraka uliopewa namba 1855 katika mfululizo wa nyaraka zao, nao ulikusanya mambo yaliyokuwa yamekwisha kukubaliwa na watu kwa miaka mingi. Mstari usizidi herufi 65. Sahihi yako chini ya barua isizidi mistari minne. Usisambaze barua za mnyororo. Soma kwanza kwa mwezi mmoja au miwili kabla ya kufungua mdomo wako katika kundi. Ukijibu, punguza maneno ya mwenzako, bakiza yale tu yanayohitajika ili wasomaji wajue unajibu nini. Na usiandike kwa herufi kubwa tupu, kwa sababu huko ni kupiga kelele.

Nyingi kati ya sheria hizo zilikuwa na sababu ya fedha, jambo ambalo watu wa leo hawalifikirii. Waraka wenyewe ulieleza kwamba gharama ya barua pepe hubebwa karibu sawa na anayepeleka na anayepokea. Hilo sisi wa Afrika tulilijua kuliko waandishi wake. Miaka ya mwanzo ya 1990, Nairobi na miji mingine kadhaa ya bara letu ilipeleka barua pepe kwa njia ya FidoNet, mtandao uliobuniwa na Mmarekani Tom Jennings mwaka 1984. Barua zilikusanywa katika kompyuta moja, kisha kompyuta hiyo ilipiga simu ya kimataifa, mara nyingi hadi London kwa watu wa GreenNet, ikamwaga mzigo wake na kuchukua mwingine. Kila dakika ya simu ilikuwa na bei. Mtu aliyeacha kurasa tatu za barua ya zamani chini ya neno lake moja la "nakubali" alikuwa anachota mfukoni mwa wenzake. Kwa hiyo adabu ya kupunguza maneno ilikuwa adabu ya kweli, kama ile ya kutomaliza mboga mkiwa watu wengi kwenye sinia moja.

Lakini ile ya herufi kubwa ina historia nyingine, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN katika mji wa Cambridge, Massachusetts, alipeleka barua ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao wa ARPANET. Kompyuta zote mbili zilikuwa katika chumba kimoja. Yeye ndiye aliyechagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine yake. Alipoulizwa baadaye aliandika nini siku ile, alisema amesahau. Pengine ni herufi za mstari wa juu wa kibodi tu. Kitu kimoja kina hakika: mashine aliyoitumia kuandikia, teleprinta ya Teletype Model 33, haikuwa na herufi ndogo hata moja. Kama barua hiyo ilikuwa na maneno, basi yalikuwa ya herufi kubwa. Mtoto huyu wa barua pepe alizaliwa akipiga kelele, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Makundi ya barua yalifuata upesi. Mwaka 1975 wataalamu wa ARPANET walianzisha kundi lililoitwa MsgGroup ili wajadili barua zenyewe zilivyopaswa kuwa, na mara wakagundua kwamba watu wapole wakikutana ana kwa ana huwa wakali wakikutana kwa maandishi. Mei 1978 Gary Thuerk, mwuzaji wa kampuni ya DEC, alipeleka tangazo la kompyuta mpya kwa watu karibu 400 wasioliomba, na wengi walikasirika. Tangazo hilo lilikuwa la herufi kubwa tupu. Hasira ilikuwa juu ya biashara, maana mtandao ule ulikuwa wa utafiti na ulilipiwa na serikali yao. Mwaka 1982, katika chuo cha Carnegie Mellon, mzaha fulani juu ya zebaki iliyomwagika ndani ya lifti ulieleweka vibaya, na mnamo tarehe 19 Septemba Scott Fahlman alipendekeza alama ya nukta mbili, kistari na mabano ili msomaji ajue kwamba hapa mtu anacheka. Mwaka 1985 Norman Shapiro na Robert Anderson wa shirika la RAND waliandika ripoti nzima juu ya maadili na adabu za barua pepe, wakionya jinsi ilivyo rahisi kuudhi na kuudhika.

Katika miaka hiyo mashine zenye herufi ndogo zilikuwa zimeenea kila mahali. Herufi kubwa ilipoacha kuwa lazima ndipo ilipoweza kuwa na maana. Aliyeitumia alikuwa ameichagua, na kama ameichagua basi ana lake jambo. Sheria ya kelele haikuletwa na mtu mmoja. Ilizaliwa pale watu walipopata hiari.

Sisi tulikuwa tumeirithi bila historia yake. Wa kwanza kumkemea Mzee alikuwa kijana mmoja aliyekuwa Canada, kwa upole. Wa pili hakuwa mpole. Mzee aliendelea vile vile. Mimi nikaona nimwandikie rafiki yangu, peke yake, kichekesho. Nilisema: huyu babu nani amempa kompyuta, majirani wamelala, mwambieni apunguze sauti. Nikabonyeza kitufe cha kujibu. Kundi letu lilikuwa limepangwa hivi kwamba jibu lolote huenda kwa wote.

Niligundua baada ya nusu saa, barua yangu iliponirudia mwenyewe kama ilivyowarudia wengine mia na hamsini. Wengine walicheka. Waraka wa 1995, ule niliokuwa nimeusoma kwa bidii, ulisema wazi kwamba barua ya faragha ikiangukia kundini kwa bahati mbaya, mwombe radhi mhusika na uliombe radhi kundi. Ulisema pia kwamba neno la hasira lilazwe usiku mmoja kabla ya kupelekwa. Nilikuwa nawapima wengine kwa mstari wa herufi 65, lakini hayo mawili niliyaruka. Nilijiambia kwamba nikiomba radhi nitalikuza jambo.

Siku ya pili Mzee aliandika mstari mmoja. Ulikuwa wa herufi ndogo tupu, hata jina lake mwenyewe: wanangu nimesikia, samahani kwa kelele. Chini yake hapakuwa na barua ya mtu yeyote. Hakuandika tena, na baada ya wiki moja jina lake lilikuwa limeondolewa kwenye orodha kwa ombi lake.

Ndipo nikafanya jambo ambalo lilipasa kutangulia. Nilirudi nikazisoma barua zake. Alikuwa mfanyakazi wa posta na simu za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyovunjika mwaka 1977. Kama maelfu ya wenzake, alikuwa bado anadai mafao yake miaka ishirini baadaye. Mwanzo wa utumishi wake, alipokuwa mafunzoni Mbagathi nje ya Nairobi, haukuonekana katika kumbukumbu yoyote aliyoweza kuipata, na alikuwa anamtafuta Mkenya mmoja wa Kisumu aliyesoma naye darasa moja, ili amshuhudie. Hayo tu. Aliyarudia katika barua nne, na katika zote nne sisi tulisoma ukubwa wa herufi.

Hatukuwa wote vipofu lakini. Wiki tatu baada ya Mzee kuondoka, mama mmoja wa Kenya aliyekuwa akifanya kazi Uswisi alijibu. Alikuwa amewaulizia watu wa kwao, na mtu yule alikuwapo, mstaafu, na anwani yake ya sanduku la posta ni hii. Jibu lilikwenda kwa kundi zima isipokuwa mwenye haja. Nililiona. Nilidhani mwingine atampelekea, kwa kuwa tulikuwa wengi, na nadhani kila mmoja alidhani hivyo. Wale walio katika makundi ya simu za mkononi leo, ya harusi na ya misiba, wanaijua dhana hiyo. Nililichapisha jibu lile kwenye karatasi nikaliweka ndani ya kamusi yangu. Lilikaa humo mwaka mmoja na nusu.

Niliporudi nyumbani mwanzoni mwa 1999 nilimtafuta. Haikuwa kazi ngumu, kwa kuwa ofisi ya binti yake ilikuwa pale pale. Nilimkuta Magomeni, barazani, na redio ndogo. Nilimpa shikamoo nikamtajia jina langu, nikasubiri. Alilikumbuka. Akasema, "Kumbe ndiwe wewe jirani uliyelala," akaniagizia chai.

Nilimwomba radhi, na yeye akaipokea bila ya kunirahisishia wala kuninyanyasa. Kisha nikamwuliza kwa nini aliandika vile. Alishangaa kwamba jambo hilo lahitaji maelezo. Alikuwa karani wa simu za maandishi na teleksi kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Teleksi ilikuwa na mipigo mitano kwa kila herufi, alinieleza akihesabu kwa vidole, na mipigo mitano hutoa alama 32 tu. Hizo hazitoshi herufi kubwa na ndogo kwa pamoja. Kwa hiyo kinachopita kwenye waya ni herufi kubwa, za mkono ndizo ndogo. "Mtu akipata karatasi ya simu imeandikwa MAMA MAHUTUTI NJOO," alisema, "hakuna aliyesema posta inampigia kelele. Alipanda basi." Binti yake alikuwa amemwambia kwamba kompyuta ile inatuma maneno kwa waya wa simu. Basi yeye akaandika kama ilivyopasa.

Nikamtolea karatasi yangu. Aliisoma mara mbili, akatazama tarehe iliyokuwa juu yake, akanitazama mimi, akanyamaza kwa muda ambao sitausahau. Kisha akaingia ndani, akarudi na bahasha na kalamu ya wino. Aliandika barua yake palepale, ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko mdogo ulioinamia kulia, akianza na salamu na kuulizia afya ya nyumbani kabla ya kufika kwenye haja. Alinipa niende nayo posta niitie stempu. Juu ya bahasha, jina la rafiki yake na namba ya sanduku na KISUMU, alikuwa ameziandika kwa herufi kubwa.