Msichana Aliyerukwa

Vijana wenzangu, juzi nimeitazama tena Escaflowne, ile katuni ya Kijapani ya mwaka 1996, safari hii kwa sauti mpya za Kiingereza. Sehemu ya kwanza haijaisha, hasira za zamani zikanirudia.

Hitomi ni mwanafunzi, tena mkimbiaji. Kawekeana sharti na kijana anayempenda: nikimaliza mita 100 chini ya sekunde 13, unibusu. Anakimbia, mara Van huyo mbele yake, upanga mkononi! Joka nalo linafuata. Ndivyo Hitomi anavyofika Gaea, ambako ukitazama angani unaiona dunia yetu na mwezi wake.

Sasa sikia. Mwaka 2000 Fox Kids ya Marekani ilipoirusha, sehemu hiyo waliiruka. Eti waanzie kwenye mapigano, wavulana wasichoke. Muziki wa Yoko Kanno na Hajime Mizoguchi nao wakaukata, wakachomeka midundo yao. Mwenye hadithi akawa abiria. Na wavulana wenyewe hawakuja; baada ya sehemu 10 kati ya 26 wakaizima.

Mwaka 2016 kampuni ya Funimation ikatembeza bakuli kwa mashabiki kwenye intaneti, fedha zikajaa, zote 26 zikarekodiwa upya. Hitomi sasa ni Caitlin Glass. Wapo wanaomlilia Kelly Sheridan, Hitomi wa Kiingereza wa kwanza, nami siwalaumu. Sauti uliyoanza nayo haitoki sikioni. Lakini mbio zile nimezirudia mara tatu.