Eta Aquilae: Nyota inayotanuka na kunywea juu ya anga la Kigali

Kila baada ya siku saba na saa nne hivi, nyota moja inayopita karibu na utosi wa wakazi wa Kigali hung'aa, hufifia, kisha hung'aa tena. Mabadiliko hayo huonekana kwa macho matupu. Nyota za aina yake ndizo zilizowapa wanasayansi kipimo cha ukubwa wa ulimwengu, kipimo ambacho hadi leo kinazua ubishi.

Nyota hiyo ni Eta Aquilae, iliyomo katika kundinyota la Ukabu, yaani Tai.

Ni nyota ya aina gani?

Eta Aquilae ni nyota badilifu ya kundi la sefeidi: nyota kubwa zilizokwisha kupita ujana wao, ambazo hutanuka na kunywea kwa mpigo usiobadilika. Upana wake ni zaidi ya mara 50 ya upana wa Jua, na hutoa mwanga maelfu ya mara kuliko Jua. Huonekana ya wastani tu kwa sababu iko mbali, takribani miaka 900 ya nuru. Mwanga wake tunaouona leo uliianza safari katika enzi ambazo Kilwa ilikuwa ikijijenga kuwa bandari ya biashara.

Wanajimu hupima mwangaza wa nyota kwa namba, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo nyota inavyong'aa zaidi. Eta Aquilae hupanda hadi karibu 3.5 na kushuka hadi karibu 4.4. Maana yake ni kwamba inapokuwa kileleni hung'aa zaidi ya mara mbili kuliko inapokuwa imefifia. Hupanda upesi, kwa muda wa siku mbili hivi, na hushuka polepole.

Kwa nini mwangaza hubadilika?

Kwa muda mrefu baadhi ya wataalamu walidhani kwamba nyota kama hizi hufunikwa na nyota nyingine inayozizunguka. Mwaka 1914 Harlow Shapley wa Marekani alitoa hoja kwamba nyota yenyewe ndiyo inayotanuka na kunywea. Baadaye Arthur Eddington wa Uingereza alieleza jinsi jambo hilo linavyoweza kutokea.

Mfano wa sufuria yenye kifuniko jikoni unasaidia. Mvuke hukusanyika, hukiinua kifuniko, hutoka, kisha kifuniko hurudi chini. Ndani ya sefeidi, kifuniko hicho ni tabaka la gesi ya heli. Nyota inaponywea, tabaka hilo hubanwa na kuzuia joto lisipite. Joto lililozuiliwa husukuma tabaka za nje, na nyota hutanuka. Inapotanuka, heli hupoa, joto hupata njia, msukumo hupungua, na uzito wa nyota huivuta tena ndani.

Nyota haing'ai zaidi inapokuwa kubwa kuliko wakati wowote. Kilele cha mwangaza huja inapokuwa ya moto zaidi, wakati imekwisha kunywea na imeanza kutanuka.

Nani aliigundua?

Edward Pigott wa mji wa York, Uingereza, aliona mabadiliko ya Eta Aquilae mnamo Septemba 10, 1784. Wiki chache baadaye rafiki na jirani yake John Goodricke, kijana kiziwi wa miaka 20, aligundua nyota nyingine yenye tabia hiyo, Delta Cephei. Kundi zima likapewa jina la nyota ya Goodricke, ingawa ya Pigott ndiyo iliyotangulia.

Je, inapimaje ulimwengu?

Mwaka 1912, Henrietta Leavitt wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza nyota 25 za aina hii katika Wingu Dogo la Magellan. Alibaini kwamba kadiri mpigo wa nyota unavyochukua muda mrefu, ndivyo mwanga wake halisi unavyokuwa mwingi. Kwa hiyo anayejua muda wa mpigo hujua nguvu ya taa. Akiilinganisha na mwanga unaomfikia, hupata umbali.

Kwa njia hiyo Edwin Hubble, baada ya kupata sefeidi katika Andromeda mwaka 1923, alithibitisha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine, nje kabisa ya Njia Nyeupe.

Hata hivyo, kipimo hiki husimama juu ya sefeidi za karibu ambazo umbali wake umepimwa kwa njia nyingine. Kosa dogo hapa karibu huwa kosa kubwa kule mbali. Leo vipimo vinavyotegemea sefeidi vinaonyesha ulimwengu ukitanuka kwa kasi inayozidi kwa takribani asilimia 8 ile inayotokana na mwanga wa kale kabisa wa ulimwengu. Sababu ya tofauti hiyo bado inajadiliwa.

Kwa nini Kigali ni mahali pazuri?

Jiji hili liko karibu digrii 2 kusini mwa Ikweta. Kutoka hapa Delta Cephei huonekana upande wa kaskazini, na sefeidi nyingine angavu, l Carinae, upande wa kusini. Eta Aquilae hupita digrii 3 tu kutoka utosini, na huwa juu kabisa jioni za Agosti na Septemba, wakati wa kiangazi.

Katika nchi jirani ya Uganda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara tayari wamechapisha tafiti kuhusu nyota zinazopiga mpigo.

Namna ya kuitazama

Kati ya saa tatu na saa nne usiku, tafuta Altair, nyota angavu kuliko zote za Ukabu. Eta Aquilae iko kusini yake, kwa umbali unaopungua kidogo upana wa ngumi ya mkono ulionyooshwa, karibu katikati ya nyota Delta na Theta za kundi hilohilo. Siku ya kilele hukaribia kulingana na Delta Aquilae. Ikififia kabisa hulingana na Iota Aquilae.

Andika ulinganisho huo kila usiku kwa wiki mbili, nawe utakuwa umeuona mpigo karibu mara mbili. Chama cha Marekani cha Watazamaji wa Nyota Badilifu, kilichoanzishwa mwaka 1911, hupokea makadirio ya macho kutoka popote duniani.

Kikwazo ni taa. Katikati ya jiji nyota hii huweza kupotea inapofifia, na kadiri Kigali inavyokua ndivyo mtazamaji atakavyolazimika kwenda mbali zaidi kuiona.