Taifa Linahesabuje Hewa Ukaa ya Misitu na Vinamasi?

Mti ukikatwa na kuchomwa mkaa, kaboni iliyokuwa ndani yake hurudi hewani ikiwa hewa ukaa. Hilo ni rahisi kuelewa. Kazi ipo kwenye kujumlisha: misitu ya nchi nzima imetoa tani ngapi mwaka huu, na imefyonza ngapi?

Chini ya Mkataba wa Paris wa 2015, nchi wanachama hutakiwa kupeleka ripoti ya gesijoto kila baada ya miaka 2. Ripoti za kwanza za utaratibu huo zilitakiwa kufika mwishoni mwa 2024. Kwa wasikilizaji wetu wa vijijini hesabu hiyo haiko mbali. Vijiji vya Bonde la Yaeda huko Mbulu na vya wilaya ya Tanganyika, Katavi, tayari vinapata fedha za kaboni kwa kutunza misitu. Kabla ya fedha, kuna hesabu. Hapa tunaeleza inavyofanyika, kwa mfano wa Tanzania, kisha tunakwenda kwenye vinamasi vya majirani zetu.

Kwanza, msitu ni nini?

Kwa hesabu ya taifa, Tanzania huita msitu eneo la angalau hektari 0.5, yaani kama eka moja na robo, lenye miti inayofikia urefu wa mita 3 au zaidi, na ambalo vivuli vya miti hiyo vinafunika walau asilimia 10 ya ardhi. Kwa hiyo pori la miombo lenye miti ya kuachanaachana nalo ni msitu.

Pili, kupima miti

Kati ya 2009 na 2014 Tanzania Bara ilifanya tathmini kubwa ya misitu iitwayo NAFORMA. Timu zilikwenda kwenye vishamba vya sampuli zaidi ya 30,000, kila kimoja kikiwa duara lenye mita 15 kutoka katikati hadi ukingoni. Walipima unene wa shina kwa futikamba, kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, wakaandika na aina ya mti. Miti mikubwa ilipimwa kwenye duara zima, na midogo kwenye duara dogo la ndani, ili kazi iishe.

Unene na aina ya mti huwapa wataalamu uzito wake. Karibu nusu ya uzito mkavu wa mti ni kaboni. Kila tani 1 ya kaboni ikiungua hutoa tani 3.67 za hewa ukaa, kwa sababu inaungana na oksijeni ya hewani.

Tuchukue mfano. Tuseme hektari moja ya miombo ina tani 60 za miti mikavu, pamoja na mizizi. Kaboni yake ni kama tani 28. Hektari hiyo ikifyekwa yote na kuchomwa, hewani zitakwenda takriban tani 103 za hewa ukaa.

Tatu, kujua ukubwa uliopotea

Hapa hutumika picha za setilaiti. Wataalamu hulinganisha picha za miaka tofauti waone wapi msitu umekuwa shamba. Kisha huzidisha: hektari zilizopotea mara tani za kila hektari.

NAFORMA ilikuta Tanzania Bara ina hektari milioni 48.1 za misitu, sawa na asilimia 55 ya ardhi. Ilikadiria kwamba kati ya 1995 na 2010 zilipotea hektari kama 372,000 kila mwaka. Hesabu iliyofuata, ya miaka ya 2002 hadi 2013, ilipata hektari kama 469,000 kwa mwaka. Zote mbili ni za taifa, ila miaka na njia za kupima zimetofautiana. Ukisikia tarakimu ya ukataji miti redioni au mkutanoni, uliza kwanza: ni ya miaka gani?

Kisichoonekana

Hesabu ya pili ndiyo Tanzania iliyoiwasilisha Umoja wa Mataifa kama kipimo cha kuanzia. Nayo ilihesabu msitu uliogeuzwa kabisa kuwa kitu kingine. Msitu uliopunguzwa polepole, mwaka huu mti wa mkaa, mwakani mti wa mbao, haukuingia. Kutoka angani bado unaonekana msitu, ingawa ndani umebaki nusu.

Jambo hilo lina pande mbili. Hasara ya tanuri la mkaa haionekani. Lakini hata jasho la kijiji kilichoacha msitu uliochakaa upone halionekani kwenye kipimo hicho. Ndiyo maana vipimo vya ardhini vinahitaji kurudiwa, na ndiyo maana kumbukumbu za kamati ya mazingira ya kijiji zina thamani.

Vinamasi: hesabu ya aina nyingine

Katika baadhi ya vinamasi, majani na mizizi iliyokufa haiozi yote, kwa sababu maji huzuia hewa kuifikia. Hulundikana kwa maelfu ya miaka ikawa udongo mweusi wa mboji, ambao wataalamu huuita peti. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba Bonde la Kongo lina eneo kubwa la udongo huo, lenye kaboni inayokadiriwa kuwa tani bilioni 30. Sehemu kubwa iko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyobaki iko Kongo-Brazzaville. Rwanda na Burundi nazo zina mabonde ya mafunjo yenye peti, na huchimbwa kuwa kuni. Rwanda imeitumia kuzalisha umeme huko Gishoma, wilaya ya Rusizi.

Kwenye udongo huu futikamba haitoshi. Hupimwa kina cha mboji, na huangaliwa kama maji yametolewa. Mfereji ukichimbwa, hewa huingia, mboji huanza kuoza, na huendelea kuoza mwaka hadi mwaka. Mwongozo wa kimataifa wa 2013 unakadiria kwamba hektari moja ya peti ya nchi za joto iliyokaushwa kwa kilimo hupoteza tani 14 za kaboni kila mwaka. Hizo ni kama tani 51 za hewa ukaa.

Linganisha na mfano wetu wa miombo. Tani 103 zilitoka mara moja, na msitu ukiachwa unaweza kuchipua. Kinamasi kilichokaushwa hufikia kiasi hicho kwa miaka 2, kisha huendelea. Kukirudishia maji husimamisha uozo, lakini mboji iliyokwisha kupotea ilihitaji karne nyingi kujijenga.

Kijiji kiulize nini?

Tani inayouzwa nje ili nchi nyingine itimize ahadi yake ya Paris haiwezi kuhesabiwa tena na nchi iliyoiuza. Kwa hiyo mkataba wa kaboni wa kijiji unagusa daftari la taifa, na daftari la taifa linagusa kijiji. Kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kupitisha mradi, tunashauri maswali haya:

- Msitu wetu utapimwa na nani, na sisi tutapewa nakala ya vipimo?
- Kipimo cha kuanzia ni cha miaka gani?
- Je, msitu unaopona utahesabiwa, au ni ule tu ambao haukufyekwa?
- Moto au uvamizi ukitokea, nani anabeba hasara?

Na timu ya wapimaji ikifika kijijini, wapeni mwenyeji anayejua majina ya miti. Mti ukiandikwa jina lisilo lake, uzito wake hukosewa, na kosa hilo hupanda nalo hadi kwenye ripoti ya taifa.