HATI YA MWALIMU MGENI

Tarehe 25 Septemba 1964 wapiganaji wa FRELIMO walikishambulia kituo cha Wareno huko Chai, jimboni Cabo Delgado, na vita vya ukombozi wa Msumbiji vikaanza. Silaha zao zilivushwa Mto Ruvuma kutoka Tanzania. Lakini si silaha peke yake zilizotakiwa kuvuka. Kutoka bara ya Palma na Mocímboa da Praia hadi nyanda za juu za Mueda, maeneo yaliyokombolewa yalihitaji shule, na shule zilihitaji walimu ambao Mreno hakuwaandaa.

Walimu hao walitarajiwa kutoka Taasisi ya Msumbiji, shule ya sekondari iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963 chini ya Janet Mondlane, mke wa kiongozi wa FRELIMO, Dakta Eduardo Mondlane. Dakta Mondlane, aliyewahi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, aliishi Dar es Salaam kwa idhini ya serikali ya Tanzania. Miongoni mwa waliomsaidia walikuwemo Wazungu walioukana ukoloni: Fernando Ganhão, mwalimu wa historia, Helder Martins, daktari, na Jacinto Veloso, rubani wa jeshi la anga la Ureno aliyetoroka na ndege na kutua Tanzania mwaka 1963. FRELIMO iliwadhamini, Tanzania ikawapa ruhusa ya kukaa. Kwa Mreno walikuwa wahaini. Kinga yao ilikuwa ruhusa hiyo.

Mwaka 1968 ruhusa hiyo ilitiwa katika mizani. Padri Mateus Gwenjere aliwachochea wanafunzi dhidi ya walimu Wazungu, na wanafunzi wengi wakakataa wito wa kwenda kutumika ndani ya Msumbiji. Ghasia zikazuka, Taasisi ikafungwa. Mwezi Mei ofisi ya FRELIMO mjini ilivamiwa, na Mateus Muthemba akapoteza maisha. Serikali, yenye wajibu wa kulinda utulivu wa mji wake, iliwataka walimu hao Wazungu waondoke nchini.

Amri ya dola hutekelezwa, na walioisimamia walitimiza wajibu wao. Hata hivyo historia ina haki ya kuuliza: adui alikuwa nani hasa?

Jibu lilitoka Ruvuma. Lázaro Nkavandame alikuwa mzaliwa wa Cabo Delgado na kiongozi wa FRELIMO katika jimbo hilo. Rangi yake haikumtia mtu yeyote shaka. Mwezi Desemba 1968 kamanda Paulo Samuel Kankhomba aliuawa akiwa njiani kuvuka mto kwenda Cabo Delgado, na FRELIMO ikawatuhumu watu wa Nkavandame. Tarehe 3 Februari 1969 Dakta Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Mwaka huo huo Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Na wale waliotakiwa kuondoka? Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, Martins akawa Waziri wa Afya wa kwanza. Veloso akashika wizara ya usalama. Ganhão akawa mkuu wa chuo kikuu cha Maputo, ambacho mwaka 1976 kilipewa jina la Eduardo Mondlane. Mtu aliyenyimwa ukaazi kwa sababu ya rangi yake sasa ndiye aliyekuwa mwenyeji, kwani Wareno wengi walikuwa wamekwisha kuondoka na chuo kilihitaji wahadhiri kutoka nje.

Mmoja wao alikuwa Ruth First wa Afrika Kusini, aliyefika mwaka 1977 kuongoza utafiti katika Kituo cha Masomo ya Afrika. Hati zake zilikuwa halali, mdhamini wake alijulikana. Tarehe 17 Agosti 1982 bomu lililoletwa kwa posta lilimwua ofisini mwake. Miaka mingi baadaye Craig Williamson, aliyekuwa ofisa wa polisi wa usalama wa makaburu, alikiri kuhusika. Ni dhahiri kwamba muhuri wa ukaazi pekee hauzuii bomu.

Hati ya mwalimu mgeni, basi, hubeba ahadi mbili. Mdhamini huahidi kwamba anaijua kazi ya mtu huyo. Dola huahidi kwamba uhai wake utalindwa maadamu kazi hiyo ni halali. Ahadi ya kwanza huandikwa na chuo. Ya pili hutimizwa na askari, mpakani, barabarani na hata katika chumba cha kupokelea vifurushi.

Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, watu wenye silaha waliposhambulia Mocímboa da Praia, pwani hiyo imejua tena mauaji na ukimbizi, na kila mgeni katika pande zote mbili za Ruvuma hutazamwa kwa shaka. Tahadhari ni ya lazima. Lakini mlinzi mwema huuliza mgeni amedhaminiwa na nani, anafanya kazi gani, na matendo yake yanathibitisha nini. Anayeishia kwenye rangi, lafudhi au dini, aweza kumfukuza Ganhão na kumpisha Nkavandame.