Shaku Haina Wayo

Rula ya shule ya sentimita 30 imekaa katikati ya dola mbili. Shaku ya Japani inaizidi kwa milimita 3. Pes ya Roma ya kale inapungua milimita 4. Nilizikata zote mbili kwenye karatasi ya manila, nikazilaza mezani kando ya rula, na kwa mbali kidogo huwezi kuzitofautisha. Hapo ndipo mfasiri anaponaswa. Zote ataziita futi, moja ya Kijapani na nyingine ya Kirumi, kisha afungue ukurasa unaofuata.

Kwa hesabu tupu hajakosea sana. Sheria ya Japani ya 1891 iliifunga shaku kwenye mita: shaku 33 ni mita 10 kamili, haizidi haipungui. Pes haikuwa na bahati hiyo. Tunaikadiria kutokana na majengo na rula za shaba zilizofukuliwa, na kadirio linalotumika sana ni sentimita 29.6. Ukilikubali, shaku 42 na pes 43 zinatoshana. Tofauti haifiki hata milimita moja.

Mimi tatizo langu ni jina. Pes kwa Kilatini ni mguu, ule wa kukanyagia, kwa hiyo futi inaikaa vizuri. Shaku haina wayo. Herufi yake ilitoka Uchina, na wengi huisoma kama picha ya kiganja kilichotanuliwa kupima, gumba huku na vidole kule. Kwetu hiyo ni shubiri! Ni shubiri iliyorefuka karne baada ya karne mpaka hakuna kiganja cha kuienea, lakini ukoo wake ni wa mkono. Kuiita futi ni kuibadilishia kiungo.

Chini yake mambo yanagawanyika zaidi. Mjapani anaikata shaku mara kumi, apate sun ya sentimita 3.03. Mrumi aliigawa pes vidole 16, au akaigawa mara kumi na mbili na kuita kila kipande uncia, sentimita 2.47. Neno uncia maana yake ni hiyo tu, sehemu moja ya kumi na mbili, iwe ya urefu au ya uzito. Basi likasafiri. Kwa Waingereza likawa kipimo cha urefu, likatufikia kama inchi. Kupitia Wagiriki na Waarabu likabaki kwenye mizani, likatufikia kama wakia. Seremala anayeagiza mbao ya mbili kwa nne na sonara anayepima fedha kwa wakia wanatumia neno moja, na sidhani kama wamewahi kuambiana.

Linaloponza watu ni passus. Mfasiri wa haraka huandika "hatua". Lakini hatua moja Warumi waliiita gradus, pes mbili na nusu. Passus ni mbili: tangu kisigino cha kulia kinapoinuka mpaka kisigino hichohicho kinapotua tena, pes 5, yaani mita 1.48. Elfu za namna hiyo, mille passus, ndizo zilizotupa maili. Ukiandika "hatua elfu", askari wa Roma umempunguzia nusu ya safari na hujamuuliza.

Kwa upande wa Japani kishawishi kiko kwenye ken, shaku 6, mita 1.818. Pima yetu, mikono miwili ikitandazwa, ni kama futi sita. Zimepishana sentimita moja hivi. Nakiri niliwahi kuandika "pima" nikaona nimemaliza kazi. Nilifuta. Pima ni ya mvuvi anayeshusha kamba majini, imetoka kifuani mwake. Ken huandikwa kwa herufi ya "nafasi", na nafasi yenyewe ni ile iliyo baina ya nguzo na nguzo ya nyumba.

Kuna jambo moja lililonichekesha nilipokuwa nikikokotoa. Sun ni uncia 1.23. Ken nayo ni passus 1.23. Si miujiza: kumi na mbili kwa kumi ni sawa na sita kwa tano. Nambari moja inakuhudumia kwenye kidole na kwenye nguzo.

Tena shaku niliyoipima hapa ni ya seremala, na si shaku zote ni hiyo. Washonaji wa kimono wana yao, kujirajaku, shaku ya nyangumi, iliyoitwa hivyo kwa kuwa rula zake zilichongwa kwa mabamba yanayonyumbuka ya kinywani mwa mnyama huyo. Ina sentimita 37.9. Kwa hiyo "futi ya Kijapani" katika maelezo ya mshono ingekula kitambaa cha mtu.

Halafu kuna shakuhachi, filimbi ya mwanzi ambayo jina lake ni urefu wake: shaku moja na sun nane. Kwa Kirumi ni pes moja na vidole kumi na tatu na nusu hivi. Urefu ni uleule, sentimita 54.5, ila hakuna atakayejua unazungumzia filimbi.