Kidonda Kisichouma: Tiba ya Vidole katika Nyanda za Mtwara

Katika pwani ya Mtwara, kuanzia mitaa ya Chikongola hadi mdomo wa mto Ruvuma, kama ilivyokuwa karibu kote duniani, iliaminika kwa muda mrefu kwamba ukoma wenyewe ndio unaokula vidole vya mgonjwa. Imani hiyo, ambayo hata madaktari wengi walikuwa nayo, ilianza kuvunjika mwishoni mwa miaka ya 1940 huko Vellore, India, ambako daktari mpasuaji Paul Brand alibaini kwamba, kwa kuwa bakteria wa ukoma huharibu neva, yaani nyuzi zinazopeleka hisia kwenye ubongo, mwenye ganzi huendelea kukanyagia kidonda chake, au kushika sufuria ya moto bila kushtuka, hadi usaha unapofika mfupani.

Ugunduzi huo uligusa moja kwa moja kambi za wagonjwa wa ukoma kama ile ya Mwena, jirani na Ndanda, misheni ya Wabenedikto iliyoanzishwa mwaka 1906, kwa kuwa dawa ya dapsoni, na baadaye mseto wa dawa uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, zilidhibiti bakteria lakini hazikurudisha hisia zilizokwisha kupotea. Aliyepona ukoma alibaki na donda ndugu. Tiba yake ilihitaji mikono mingi: mguu ulilowekwa majini, sugu, yaani ngozi ngumu inayokandamiza nyama iliyo chini yake, ikakwanguliwa, kisha ngozi ikapakwa mafuta isipasuke. Fundi viatu, anayestahili kutajwa sambamba na mpasuaji, alikata soli ya mpira laini na kuiunga kwa gundi na uzi bila misumari, kwani msumari uliochomoza ungezama unyayoni pasipo mwenye mguu kujua.

Leo ganzi hiyohiyo huletwa pia na kisukari, ingawa hapo kuloweka miguu hakushauriwi, kwa sababu ngozi iliyolainika hupasuka na kuambukizwa upesi. Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake jijini Dar es Salaam walieleza kwa kina, kutokana na wagonjwa wa miaka ya 1998 hadi 2002, jinsi mchubuko mdogo wa kidole cha mkono, au kuumwa na mdudu tu, kunavyoweza kuishia katika kukatwa mkono, hasa mgonjwa anapochelewa kufika hospitali.